Mto wa Hatua Mia Mbili

Zamani palikuwa na mto mfupi kuliko mito yote ya pwani. Ulitoka kwenye chemchemi chini ya jiwe, ukaingia baharini baada ya hatua mia mbili tu. Lakini wanyama wa pale hawakuwa na maji mengine matamu. Chura aliishi chemchemini, na Kaa aliishi mtoni karibu na bahari.

Siku moja Chura aliziba mto kwa tope ili dimbwi lake lijae. Huku chini ikabaki chumvi tupu, wanawe Kaa wakaanza kulegea. Kaa akamtuma Kobe.

"Mzee Kobe, mwambie azibue, watoto wanakufa."

Kobe akapanda. Chura akasema, "Mwambie aniombe kwa adabu."

Kobe akashuka, Kaa akaomba kwa adabu, Kobe akapanda tena.

"Mwambie sijaelewa vizuri," akasema Chura.

Siku tatu zikapita hivyo. Ya nne, Kobe akaketi katikati ya njia, kando ya mto mkavu. "Mimi basi," akasema. "Nimechoka."

Kaa alipoona mjumbe harudi, akapiga yowe: "Chura ndugu yangu, wanangu!"

"Usinipigie kelele!" Chura akajibu kutoka juu. "Nakusikia tangu siku ya kwanza!"

Wanyama wote wakasikia. Wakapanda, wakalifukua lile tope, wakamfukuza Chura. Watoto wawili wa Kaa walikuwa wameshakufa.

Kobe hakwenda nao. Maji yalipompitia pale alipoketi, alikunywa kidogo, akafumba macho.