Dawa ya Saa Sita Mchana

Saa sita kamili, jua likiwa utosini, Theopista alibeba bomba la dawa mgongoni akaingia shambani. Dawa aliichanganya tangu asubuhi, ikakaa ndooni juani hadi ikawa vuguvugu. Alipuliza harakaharaka, kutoka juu, mstari baada ya mstari, huku machozi yakimtoka.

Wifi yake Jovitha alisimama pembeni, mikono kiunoni. Majani ya maharage yalikuwa yamejikunja, na mashina yamejaa vidukari weusi kama masizi ya sufuria. Hii ilikuwa mara ya tatu kupiga dawa, na wadudu walikuwa wanazidi tu.

"Wifi, nasikia jua linaua dawa, jioni ni afadhali," Jovitha alisema.

"Jioni watoto wangu atawapikia nani?"

Miaka yote shamba hili la bondeni, hapa Ijumbi, lilikuwa la kuonewa wivu. Watu walisema siri yake ni Protase, mume wa Theopista, fundi wa dawa. Mkewe walimjua kwa kubeba maji tu. Protase alizikwa wiki moja baada ya Krismasi, na sasa shamba lilikuwa linamfuata.

Lililobaki lilikuwa baya zaidi. Rutaihwa, kaka mkubwa wa Protase na Jovitha, alisimama mbele ya ukoo akadai ardhi ya mdogo wake. Wazee wakaamua kugawa. Kulikuwa na vipande viwili: hili la bondeni, na lile la juu kwenye mawe na mikaratusi. Rutaihwa angechagua kwanza, kisha mjane angechukua kitakachobaki. Siku iliyopangwa ilikuwa Jumamosi.

Jumatano Theopista na Jovitha walipanda basi kwenda Bukoba kutafuta dawa nyingine. Waliingia duka la dawa za mazao la Mama Madhuben, bibi wa Kihindi ambaye Theopista alimfanyia kazi miaka sita kabla ya kuolewa. Alivyojua Jovitha, kazi yenyewe ilikuwa kufagia na kupika chai.

Mbele yao alikuwa mkulima kutoka Kimwani. Madhuben alimshikilia robo saa nzima, akimuuliza analima nini, anapuliza saa ngapi, maji anateka wapi. Zamu ya Theopista ilipofika, bibi yule aliweka chupa ya dawa ya pareto juu ya kaunta, akamshika mkono, akauachia. Hakumwambia hata neno moja.

"Umeona anavyokudharau?" Jovitha alifoka walipotoka. "Yule kaelezwa kila kitu. Wewe hakuna!"

"Tuwahi basi, wifi."

Alhamisi, Jovitha alimkuta amepiga magoti kati ya mistari, akiwaponda wadudu kwa vidole. Hakugusa majani makubwa. Aliponda kwenye ncha changa tu, mche mmoja baada ya mwingine, vidole vimekuwa vyeusi. Midomo yake ilikuwa imekauka. Jovitha alijaribu kumwinua, akakataa. Ijumaa saa sita mchana alipiga dawa tena, na barabarani juu Rutaihwa alisimamisha pikipiki akatazama hadi mwisho, kisha akaondoka akitikisa kichwa.

Jumamosi asubuhi wazee walikuja. Mzee Kahangwa, mkubwa wa ukoo, alitembea mbele na daftari, mwenyekiti wa kijiji akamfuata na muhuri wake. Rutaihwa alichuma jani, akaligeuza, akajipangusa mkono kwenye suruali.

"Mnaona? Dawa mara nne! Shamba linalokataa hata dawa, mimi nilifanyie nini? Hili limekufa na mwenyewe. Nipeni la juu."

Theopista alianguka miguuni pake.

"Shemeji, nakuomba! Usiniachie hili. Lile la juu angalau nitapanda muhogo. Hapa watoto wa ndugu yako watakula nini?"

"Mungu atawapa," alisema Rutaihwa, akauondoa mguu wake.

Jovitha alimtukana kaka yake mbele ya wazee wote, jambo ambalo hakuwahi kulifanya maishani. Halikusaidia. Mzee Kahangwa aliandika, Rutaihwa akatia sahihi, mashahidi wakatia dole gumba, muhuri ukagongwa. La bondeni likawa la Theopista na watoto wake, mtu yeyote asilidai tena. Theopista alibaki ameketi chini, uso kwenye kanga, hadi wote walipoondoka.

Jua lilipoanza kuingia nyuma ya vilima, Jovitha alimpelekea sahani ya ndizi zilizopikwa. Nyumbani aliwakuta watoto peke yao.

"Mama yenu yuko wapi?"

"Katoka na chupa ya dawa."

Sahani ilimponyoka. Alikimbia kuteremka bondeni, ndala zimemtoka, akiliita jina la wifi yake kwa sauti ya kilio.

Theopista alikuwa amepiga magoti kwenye mstari wa tatu, bomba mgongoni. Mdomo wa bomba ulikuwa umeelekea juu. Kwa mkono wa kushoto aliinua kila tawi, kwa wa kulia akalowesha majani upande wa chini, taratibu, hadi vidukari wakaanza kudondoka kama mchanga. Jua lilikuwa limeondoka kabisa juu ya majani. Katika mistari miwili iliyokamilika, ncha changa zilisimama kijani, safi, hazina hata mdudu mmoja.

Jovitha alisimama akihema, akitazama ile mikono iliyojua kazi yake.

"Wifi," alisema mwishowe, "Protase alikufundisha haya lini?"

Theopista hakuacha kupuliza.

"Protase? Mimi ndiye niliyemfundisha Protase."