Mnara wa Wenyeviti Wawili

"Zima, baba!" fundi alipaza sauti kutoka juu ya mnara, mkanda wa usalama ukimkaba kiunoni.

Chini, baba yake akazima mtambo. Mikwaruzo redioni ikakatika.

"Si nilisema?" akadakia mzee Desibeli, aliyepewa jina hilo kwa kupima sauti ya kila kitu, hata ya mkewe akikoroma. "Mbovu ni wake!"

"Haya baba, washa. Mzee, na wewe zima wako."

Mikwaruzo ikakatika vilevile. Ilikuwa siku ya kumi na tisa ya majaribio, na jibu lilikuwa lilelile: mtambo mmoja ukiwa peke yake, sauti safi; ikiwashwa yote miwili, redio zinalia kama sufuria inayokwanguliwa.

Mnara ulikuwa mmoja, vyama vya redio za ridhaa, za watu wanaozungumza hewani kwa kujifurahisha tu, viwili. Kila chama kilikuwa na mtambo wake wa kudaka sauti za wanachama na kuzirusha mbali, na mwenyekiti aliyelala na funguo za kabati chini ya mto. Katiba zilikataza mtu mwingine yeyote kugusa swichi. Katiba nzima, kwa chama cha watu kumi na mmoja!

Wenyeviti hao, Desibeli na baba wa fundi, hawakuwa wamesalimiana kwa miaka sita, tangu wagombanie antena ya nani ikae juu. Kijana wa Desibeli alipoleta posa, baba wa fundi aliirudisha siku hiyohiyo.

"Binti yangu haingii nyumba ile. Ova." Neno hilo la kufungia mazungumzo ya redio alilifungia hata sala.

Fundi alilia wiki nzima. Alimpenda yule kijana, na wala hakuficha. Kisha mikwaruzo ikaanza, na wazee wakalazimika kupanda kilima kila asubuhi, kila mtu na funguo zake.

Siku ya kwanza walikaa wamepeana migongo. Siku ya tano Desibeli alisahau chupa yake ya chai, akamiminiwa kikombe bila kutazamwa usoni. Siku ya kumi waligundua kwamba wote wawili hawawezi kuwavumilia watu wa simu za mkononi. Hapo urafiki ukakolea.

"Binti yako ana subira," Desibeli alisema leo. "Fundi mwingine angeshakata tamaa."

"Kalelewa huyo." Baba akakohoa. "Ile posa ya kijana wako... bado ipo?"

"Ipo, mwenzangu! Nilidhani hutauliza kamwe."

Wakashikana mikono, wakapanga Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Baba akainua uso.

"Umesikia, mwanangu? Umeridhia?"

"Nimeridhia, baba!" Machozi ya furaha yalimtoka hadi asione ngazi.

"Na hizi kelele je?"

"Nipeni dakika mbili tu."

Akajifuta macho, akapanda hatua tatu hadi katikati ya antena mbili, akakifungua kile kipande cha waya wenye kutu alichokifunga kwa mkono wake mwenyewe, siku ishirini zilizopita.