Mizizi ya Mstafeli

Choo cha Bi Sikudhani kilikuwa kimeziba tena. Fundi Mkenda alivuta waya kutoka kwenye chemba ya uani, ukatoka na fungu la mizizi myeusi iliyosukana kama nywele.

"Ni huu mstafeli wako, mama. Nikikata mizizi tu, itarudi. Mti uondoke."

"Kitovu cha mwanangu nilikizika chini yake. Alipopotea, hatukupata hata mwili wa kuzika."

Fundi aligeuka kuutazama mlango wa nyumba. Maji machafu yalikuwa yamefika kizingitini.

"Sina njia nyingine, mama."

"Najua, baba."

Bi Sikudhani akaiokota ile mizizi, akaiweka kwenye beseni la maji safi, akaanza kuiosha taratibu, kiganja kimoja kikiikinga kwa chini, kama anayemwogesha mtoto ambaye shingo yake bado haijakaza.