Kidole cha Sita

Emilie aliutambua uso wake mwenyewe kwanza. Kisha akaona kwamba tumbo lilikuwa limefunguliwa.

Mvua ndiyo iliyomwingiza katika chumba cha mchoraji, karibu na bandari ya Makiso. Dereva wa toleka alimshusha mlangoni, akakimbiza baiskeli yake kutafuta pa kujikinga. Sasa Emilie alisimama mbele ya picha kubwa ya rangi za mafuta, maji yakimtiririka, mimba yake ya miezi saba ikimwelemea.

Mwanamke wa pichani aliketi kwa utulivu wa malkia wa kale, ushanga shingoni, giza nyuma yake. Macho yalikuwa ya Emilie. Midomo ilikuwa ya Emilie. Lakini ngozi ya tumbo ilikunjuliwa pande zote mbili, kama katika vitabu vya madaktari, na ndani yake mtoto alikuwa amejikunja, kila mshipa ukionekana. Mkono wa kushoto wa mtoto huyo ulikuwa na vidole sita.

Emilie alianza kusugua kinundu kilichokuwa kando ya kidole chake cha mwisho, mkono wa kushoto, kama alivyofanya tangu utotoni kila alipoogopa. Alikuwa na miezi miwili tu Kisangani. Alilelewa Butembo, na mama mdogo. Hakuwahi kuketi mbele ya mchoraji yeyote. Na mimba mbili zilikwisha kumtoka.

“Karibu, mama. Usiogope.”

Mzee mwenye mikono iliyojaa rangi alisimama mlangoni, akiziba njia.

“Mimi ni Edouard. Bon, nilijua siku moja utakuja.”

“Papa, sura yangu uliionea wapi?”

“Hapa hapa. Kwa hiki kiti.”

“Na mutoto? Mutoto mwenye angali ndani, ulimuona wapi?”

“Nilimubeba, mama. Na hii mikono.”

Emilie alinyakua kisu cha kukwangulia rangi kilichokuwa mezani.

“Donc uko mulozi! Futa ile kidole. Mutoto wangu azaliwe muzima, ao nitapasua picha yote!”

Hakungoja jibu. Alikwangua mkono wa mtoto kwa nguvu zake zote, lakini rangi ilikuwa imekauka kama jiwe.

Mzee hakukigusa kisu. Aliushika mkono wa kushoto wa Emilie, akaugeuza kwenye mwanga, akapitisha kidole gumba polepole juu ya kinundu.

“Acha tu,” alisema. “Ile kidole ni yako, tuliifungaka na uzi. Ilianguka siku tulimuzika mama yako.”