Jaribio Lililobaki

Kokulinda, fundi mpya wa kompyuta, alizima swichi kuu kwa mkono wake mwenyewe, kompyuta ikiwa katikati ya kazi.

Mzee Luhaga, mkuu wa kumbukumbu katika kiwanda kile cha minofu ya sangara, alishusha pumzi kwa raha. Sasa kaharibu, alijisemea. Lakini binti akawasha tena, akachomeka disketi zake, na kumbukumbu zikarudi vilevile: kila shehena ya samaki, mwalo wa wavuvi ilikotoka, siku iliyovuliwa. Luhaga akatamani kumzaba kibao.

Wiki nzima ilikuwa hivyo. Kabla ya kuhamia programu mpya, Kokulinda alichukua nakala ya kumbukumbu na kuivuruga makusudi, aone kama ataweza kuirudisha. Alikata umeme. Alifuta. Aliacha dirisha wazi mpaka wadudu wa ziwani wakajaa kwenye mashine.

"Unatuchezea kiwanda," Luhaga alimwambia.

"Shikamoo, mzee. Heri iharibike nakala kuliko kazi yenyewe."

"Sikukuomba shikamoo. Umebakiza kujaribu nini?"

"Kitu kimoja tu. Hicho siwezi kukifanya mwenyewe."

Mkurugenzi alikwisha kusema wazi. Ijumaa kumbukumbu zinahamishwa. Zikihama salama, Luhaga anapunguzwa kazi, maana ofisi yake haitakuwa na la kufanya. Zikipotea, Kokulinda anapanda meli kurudi kwao Bukoba. Kutoka hapo Luhaga alimchukia yule binti kwa moyo wake wote, wala hakuona haya.

Alhamisi Kokulinda aliweka disketi juu ya meza, watu wote wakiona. "Kesho tunatumia hizi. Kila kitu kimo humu. Tafadhali sumaku isizisogelee, tutakwisha."

Usiku huo nyumbani kwa Luhaga redio mbovu ilivunjwa, spika ikang'olewa sumaku.

Ijumaa binti alikwenda kunywa chai akaacha mlango wazi. Luhaga aliingia, akazisugua disketi zote, akaitia sumaku kwenye mfuko wa shati na kurudi kukaa mezani kwake.

Mkurugenzi alipofika, disketi ya kwanza haikusomeka. Ya pili nayo ikagoma. Zote zikagoma.

"Umenimaliza," mkurugenzi alimwambia Kokulinda. "Kusanya vitu vyako uondoke."

Luhaga aliinamisha uso, asionekane anacheka.

"Kumbukumbu zilihama tangu juzi, bosi," Kokulinda akasema. "Asubuhi hii mmefanya kazi kwenye programu mpya, wala hamkujua. Hapa nilikuwa namalizia lile jaribio lililobaki."

Akachukua kopo la pini mezani, akamsogelea Luhaga kwa adabu zote, na kuliinua mpaka usawa wa mfuko wake wa shati.

Pini zikarukia mfukoni.