Manyoya ya Shaame

Siku hiyo mjinga alikuwa Kombo, tena mjinga wa kupindukia, maana alidhani wembe unaweza kumrudisha mtu. Alimkalisha mdogo wake Shaame uani mchana kweupe, akampaka povu la sabuni mkononi, akaanza kumnyoa manyoya yaliyomwota tangu alfajiri, yenye madoadoa kama ya chui.

"Taratibu, kaka," Shaame akacheka kwa meno yaliyokuwa yamerefuka. "Siendi kuoa mimi. Niache nijiendee msituni."

"Huendi popote! Majirani wanakuja, na wakikukuta hivi watakuua."

Kila wembe ulipofika kwenye kiwiko, huku nyuma manyoya yalikuwa yameshaota tena. Kuku wote walikuwa kimya. Manyoya yaliyoanguka yalijikokota chini bila upepo, yakielekea mlangoni.

Kombo akachukua wembe mwingine. Nje, watu wakapiga hodi.

"Rudi, Shaame! Namtaka ndugu yangu, nataka kumwona!" Kombo akamsihi.

Macho ya manjano yakamkazia bila kupepesa.

"Basi weka wembe chini, kaka, unitazame."