Sauti ya Gari la Komanda

Bomba la kwanza la moshi halikumridhisha Marcellin hata kidogo. Lilikuwa jipya, linameta, limetoka Dubai kupitia Kigali. Komanda alikanyaga mafuta na gari likanguruma taratibu, kwa sauti nene ya kupendeza.

"Njo hii, muzee!" Komanda alisema.

"Hapana, Komanda. Hii ni ya kubembeleza mutoto. Gari ya mukubwa, bantu banapashwa kuisikia mbele ifike."

Komanda alicheka, maana sifa zilimwingia upesi kuliko pombe. Gari lenyewe lilikuwa la michezo, jekundu, la milango miwili, na askari wake walikuwa wamempokonya daktari mmoja wa mtaa wa Muhungu walipouteka mji mwaka 98. Mtaa mzima wa Kadutu ulilijua. Ndilo lililomchukua Lucie, binti wa fundi cherehani, jioni ya Pasaka. Mama yake alikuwa jikoni, akashtukia mlango unagongwa. Mpaka leo Lucie hajarudi.

Basi siku gari hilo lilipoonekana mbele ya karakana ya Marcellin, mtaa mzima ulimpa kisogo. Wanawake waliokuwa wakimletea sufuria zilizotoboka wakawa wanapita upande wa pili. Raphaël, mwenzake wa kucheza dama kila Jumapili, aliviweka vizibo vyake mfukoni akaenda zake. Kanisani benchi lake likabaki la kwake peke yake. Hayo yote aliyavumilia. Lililomshinda lilikuwa la Joviale.

Joviale ndiye mwanawe wa pekee, anakaa ng'ambo ya njia na bintiye Priscille, msichana aliyeanza juzi kufunga kitambaa kama wakubwa. Tangu mama yake afariki, Joviale hakukosa jioni hata moja kumletea baba yake chakula. Siku ya gari alikuja mikono mitupu.

"Papa, ni weye njo ulikuwa wa kwanza kupiga sufuria," alisema.

Ni kweli. Wenye bunduki walipovamia nyumba, jirani mmoja alikuwa akigonga sufuria, wa pili anadaka, wa tatu anadaka, mpaka kilima kizima cha Kadutu kinapiga kelele na wale watu wanakimbia. Sufuria ya Marcellin ilikuwa ikitangulia zote. Kisha Komanda akapiga marufuku sufuria hizo. Marcellin akafungwa, na alipotoka shati lilikuwa limegandia mgongoni kwa damu.

"Leo uko unatengenezea ule muntu gari," Joviale aliendelea. "Balikuvunja mugongo, Papa, ao balikuvunja moyo?"

Marcellin aliinamisha kichwa.

"Kama unaipenda sana ile gari, basi ikupikie."

Kuanzia hapo alijisongea bugali mwenyewe, akala nusu, nusu akaitupia mbwa. Nyumba ilikuwa kimya mno. Wakati mwingine alikohoa makusudi, apate tu kusikia kitu.

Bomba la pili alilitoa kwenye lori bovu. Alimwomba Komanda ateremke kilima mpaka Nyawera, kisha apande akikanyaga mafuta. Yeye mwenyewe alivuka njia, akaenda kusimama nyuma ya jiko la Joviale, sikio ukutani. Waliomwona walisema mzee anataka kuomba msamaha, anaona haya kubisha hodi. Joviale alimwona dirishani, akalifunga kwa kishindo. Marcellin hakuondoka. Alisimama pale palepale mpaka gari lilipofika juu.

"Haiyatosha," alimwambia Komanda.

La tatu alilitengeneza kwa mikono yake. Alikitoa kabisa kile kidude cha kupunguza makelele, akaunga bomba pana, akalipanua mdomo. Komanda alipokanyaga mafuta, kuku wa Maman Cibalonza waliruka ukuta na hawakuonekana mpaka kesho yake. Komanda alipiga makofi kwa furaha. Alimletea Marcellin kreti la bia, akaliweka mlangoni, na likakaa hapo bila kuguswa, kila mpita njia akiliona.

Wiki iliyofuata, jioni moja, Marcellin alikuwa ameketi kibarazani kwenye kigoda chake. Kule chini, Nyawera, sauti ile ikaamka. Alipoinua macho, Joviale alikuwa ametoka nje, kitambaa kimekaa upande, amemshika Priscille mkono. Walikuja moja kwa moja upande wake, kwani njia ya mguu inayoteremkia bondeni inapita ubavuni mwa karakana.

Moyo wa mzee ukaruka. Akasimama.

"Joviale, mutoto wangu..."

Joviale alilitazama kreti la bia, akatema mate chini, akapita. Priscille aligeuza shingo kumwangalia babu yake, lakini mama alimvuta. Wakatokomea migombani. Marcellin alikaa tena, macho yakamjaa machozi, wala hakuyazuia.

Gari lilifika likiunguruma, likasimama mbele ya nyumba ya Joviale. Mlango ukagongwa, kisha ukapigwa teke. Ukagongwa wa jirani, na wa jirani yake. Mwishowe Komanda alikuja karakanani, amekunja uso, anajikuna kichwa.

"Muzee, gari inalia muzuri, kwa ile sina neno. Lakini hii quartier yenu sijue iko na nini. Tangu juma iliyopita, kila nyumba minaingia, minakuta bugali ya moto kwa meza, na hakuna muntu."

Marcellin alipangusa macho kwa tambara lake la grisi.

"Uniletee tena kesho, Komanda," alisema. "Inaweza kulia zaidi."